Muhuri wa Paka wa Miguu Mitatu

Karatasi ya kwanza haipewi mtu. Hilo ndilo jambo la mwanzo nililofundishwa katika kazi ya kupiga mihuri, na aliyenifundisha ni kaka yangu, enzi hizo bado tunalala chumba kimoja. Sponji ikishatoka kulishwa wino, muhuri hunywa kupita kiasi, mistari yote inajaa, na kinachotoka ni doa. Karatasi hiyo unaitupa jikoni ikawashie mkaa. Ya pili unaitazama kama mistari imefunguka. Ikifunguka ndiyo unaanza kazi.

Nalisema hili mapema kwa sababu asiyelijua atamwona kaka yangu ni mtu wa kiburi tu. Kiburi anacho, sikatai, na si yeye peke yake nyumbani kwetu. Lakini siku aliyotufanyia yale aliyotufanyia alikuwa na sababu yake mkononi, na sababu yenyewe niliitengeneza mimi, kwenye baraza hii hii ya nyuma ninapokaa sasa.

Natengeneza kadi za mkono. Za Idd, za harusi, za maulidi, za akika ya mtoto. Ni kazi iliyobakiwa na wateja wachache, maana siku hizi mtu anakutumia mwaliko kwenye simu, una maua yanayocheza na muziki juu, na ukichelewa kuufungua anakununia. Wapo hapa Bagamoyo ambao bado wanataka kitu cha kushika, na hao ndio wananiweka mjini. Mihuri yangu siinunui. Naichonga kwa kiwembe kwenye soli ya kandambili kuukuu, pale kwenye kisigino palipokanyagwa miaka mpaka pakawa pagumu. Kandambili mpya haifai, inamung'unyika. Majirani wamezoea kunitupia zao uani zikikatika, na kuna mmoja hunitania kwamba siku hizi nawaalika watu harusini kwa visigino vyao wenyewe.

Adui yangu ni unyevu. Wakati wa masika unaanika kadi kutwa nzima kwenye kamba, na jioni ukiigusa inakuachia kidole cheusi. Nimejaribu kila kitu. Mwaka mmoja nilinyunyiza unga wa ubani juu ya wino mbichi, nikapitisha karatasi juu ya jiko la mkaa, ubani ukayeyuka na maandishi yakainuka yaking'aa. Nikajiona fundi wa mafundi. Nikampelekea mama. Akainusa ile kadi, akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza, "Hebu niambie, unawaita watu harusini au mazikoni?"

Nikaacha ubani. Mama alikuwa hivyo. Hakuwahi kunisifia kazi, ila kadi ikiwa mbaya alikuwa wa kwanza kusema.

Kadi ya kwanza kabisa katika nyumba hii aliitengeneza kaka yangu kwa ajili ya mama. Alikuwa mtoto wa madrasa bado. Alikata kisigino cha kandambili ya baba, baba akiwa amelala, akachonga paka wetu wa jikoni. Kiwembe kikamteleza, mguu mmoja wa mbele ukaondoka. Alilia sana, nakumbuka kamasi zilivyokuwa zinamtoka. Mama akauchukua ule muhuri, akaupiga mwenyewe kwenye karatasi, akasema, "Mwache hivyo hivyo. Huyu ndiye paka wetu." Kadi ile ya Idd aliibandika kwa ndani kwenye mlango wa kabati lake la nguo, na ilikaa hapo mpaka karatasi ikawa rangi ya chai. Kandambili ya baba nayo ilileta kesi yake, lakini hiyo ni habari nyingine.

Baba alipokufa, kaka akaoa kijijini Miono. Mwanamke aliyempenda alikuwa ameachika, ana watoto, na watu wake ni wakulima wa Kikwere. Sisi tulikuwa na duka lililokwisha zamani, tukabaki na majina ya mababu wa Maskati tu ya kujivunia, na mama aliyashikilia hayo majina kama mtu anavyoshikilia kamba ya kisima. Kaka hakumwambia mpaka ndoa ilipokwisha kufungwa. Siku aliyokuja kumwambia mimi sikuwapo, nilikuwa Dar. Niliporudi nilikuta chumba chake kitupu na mama anachambua mchele. Nikauliza kumetokea nini. Akasema, "Kaka yako kahama." Sikupata zaidi ya hapo, wala kwa kaka sikupata. Alifungua kibanda cha kuziba pancha Chalinze, kwenye malori, na hakukanyaga tena Bagamoyo.

Miaka ilipita hivyo. Halafu figo za mama zikaanza kufa.

Sitaki kueleza zile safari za hospitali. Anayezijua anazijua. Ilifika pahali mama akasema hapandi tena gari, atakayemtaka amkute kitandani kwake, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye. Mdogo wetu wa kike, kitinda mimba, alikuwa ameshaposwa. Harusi tukaivuta karibu ili mama aione. Lakini mimi niliyekuwa namwogesha na kumgeuza nilijua anachosubiri si harusi. Alikuwa anataka mwanawe aingie chumba kile, akae karibu naye, kabla hajafa. Hakulisema kwa mdomo. Aliniambia tu niweke kiti kando ya kitanda, kile kilichobaki na mkono mmoja. "Kaka yako hapendi kukalia vitanda vya watu," alisema, kana kwamba kaka alitoka kwenda dukani asubuhi ile.

Na harusi yenyewe ilimhitaji. Baba hayupo, basi wali wa bibi harusi, wa kumwozesha, ni kaka yake. Ami yetu wa Kerege, mdogo wake baba, alikuja akakaa ukumbini akasema, "Nipeni nauli niende Chalinze, nikamlete kwa mkono. Wali haitwi, wali anafuatwa." Alikuwa na haki. Kwetu kadi ni ya watu baki. Ndugu wa damu unamwendea mlangoni kwake, unakaa, unakunywa maji yake, unamwambia tuna shughuli. Ukimpelekea ndugu yako karatasi umeshamwambia yeye ni nani kwako.

Mama alisikia kutoka chumbani. Akaita, "Asiende mtu. Nitamwita mwenyewe."

Akaniagiza nitafute muhuri wa paka. Niliupata chini kabisa ya kikapu cha mihuri ya zamani, umekauka na kupasuka ukingoni. Nilimwambia, "Mama, paka kwenye kadi ya harusi? Watu watatucheka." Akasema kadi hiyo si ya watu.

Ilikuwa mchana wa mvua. Nilimketisha, nikamwekea kibao mapajani, nikalisha sponji. Kadi nyingine zote nilikuwa nimeshazipiga, maua ya mlangilangi pembeni, safi kabisa. Hii moja niliiacha wazi mbele kwa ajili ya paka. Nikataka kwanza nipige karatasi ya majaribio, mama akanipokonya muhuri, akauzamisha kwenye sponji. Mkono wake ulikuwa unatetemeka vibaya. Akaona hautatulia, akauweka muhuri juu ya kadi, akaulalia kwa viganja vyote viwili, kwa uzito wa mwili wake mzima uliobaki, akakaa hivyo. Nilipouinua nikaona doa. Jeusi, nono, limetambaa mpaka kwenye nyuzi za karatasi.

"Wino umezidi," nikasema. "Lete nipige nyingine."

"Hii hii. Nguvu za nyingine sina."

"Basi nipige mimi."

"Wewe ukipiga itakuwa yako."

Niliitazama ile kadi. Sikio moja lilionekana, na ncha ya mkia. Ukijua kwamba kuna paka, unamwona. Kama hujui, huoni kitu. Nikamwambia basi niandike kwa kalamu hapa chini kwamba umepiga wewe, au nimpigie simu nimweleze. Hapo alikasirika mpaka pumzi zikamkatika. "Mimi simwombi mwanangu kuja kuniona. Akimwona paka atajua. Ukimtangulia kumwambia, radhi yangu huna, nitakufa nayo." Na mtu anayekwambia hivyo na uso umemvimba maji, utamjibu nini.  Nikaitia kadi kwenye bahasha, nikampa dereva tunayemfahamu wa gari za Chalinze.

Jibu halikuja. Mama alikuwa kila siku anataka kuchanwa nywele na kuvishwa ile kanga yake nzuri. Nikimletea uji anauliza kama kuna mtu mlangoni. Nilikuwa nikimjibu vibaya wakati mwingine, nimechoka, mgongo unaniuma, na hasira zangu nilizonazo kwa mtu wa Chalinze nammalizia yeye.  Anageuza macho kwenye kiti.

Siku ya ndoa kaka alikuja.

Nilimwona kutoka uchochoro wa jikoni, kwenye turubai la wanaume huko mbele. Kanzu imepigwa pasi, kofia, amenenepa. Alikaa safu ya nyuma kabisa, na watu wasiokuwa wetu. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikajisahau, nikatoka na mwiko mkononi mpaka ukingoni mwa turubai, nikamwita. Akaja.

"Shikamoo, kaka."

Akaniangalia. "Habari za hapa," akasema.

Asiyeishi pwani anaweza asielewe. Mdogo wako anakuamkia, marahaba unampa hata kama mmegombana mpaka mmetoana damu. Habari za hapa unamwambia mwenye nyumba usiyemjua. Nikabaki na mwiko wangu. Nikamwambia, "Mama yuko ndani, anakusubiri, twende." Akasema, kwa upole kabisa, upole wa kuudhi, "Mgeni wa kiume haingii ndani kwa watu, dada." Akarudi kwenye kiti chake.

Shekhe alipouliza wali ni nani, shingo zote ziligeuka. Kaka akasimama kule kule nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi mgeni hapa. Nampa ami uwakala." Akakaa. Ami akaozesha yeye. Ndoa ikapita, wanawake wakapiga vigelegele maana ndiyo kazi yao siku hiyo, lakini aliyetuangalia usoni aliona.

Dirisha la chumba cha mama linatazama huko mbele. Niliingia nikamkuta amejiinua kwenye mito.

"Nimesikia sauti yake."

"Kaja, mama."

"Amemwona paka?"

Nikasema, "Amemwona."

"Sasa mbona haingii?"

Nikamwambia watu wamemzonga, hawajaonana siku nyingi, ataingia. Nikatoka tena. Kaka alikuwa anakula pilau. Alikula akamaliza, akanawa, akasubiri dua, akasimama na wageni waliokuwa wanaondoka. Juu ya kiti aliacha bahasha ya pesa za tunza, kama wanavyoacha watu baki, na juu yake ile kadi, doa limeangalia juu. Nilipoifikia alikuwa ameshavuka barabara. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na mpaka turubai linakunjwa nilikuwa naitazama njia nikiomba arudi.

Mama alivumilia mpaka vyombo vikaisha kuoshwa. Kisha akaniambia, "Kiondoe hicho kiti. Kinaziba njia." Hakumtaja tena. Kanga nzuri hakuitaka tena wala kuchanwa. Alikufa mvua hazijakatika, alfajiri moja, mimi nimemshika mguu tu kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Msibani haalikwi mtu. Nilipiga simu moja Chalinze, nikasema neno moja, nikakata. Kaka alifika maji ya kuoshea bado hayajapata moto. Hakubisha hodi. Alipita katikati ya watu, akapita ukumbini, akaingia chumbani kwa mama na viatu vyake, akaketi sakafuni pale pale kiti kilipokuwa. Mkewe alikuja nyuma yake, akavua mtandio, akaingia jikoni akaanza kumenya vitunguu bila kuulizwa. Kaburini ndiye aliyeshuka kumpokea. Kaburi lilikuwa linavuja maji, alitoka matope yamemfika magotini, na hakuyaosha mpaka kesho yake.

Matanga yalipoondolewa alikuja huku nyuma kwenye baraza yangu. Akaangalia mihuri, akaokota mmoja akaunusa kama tulivyokuwa tunafanya utotoni. "Bado unatumia kandambili," akasema. "Tairi za ndani ni nzuri zaidi. Nitakuletea."

 Nilikuwa sina ulimi wa kuzungumza tairi.

Akauweka muhuri chini, akaanza mwenyewe. "Siku ile nilipokuja kumwambia nimeoa, alisimama hapo mlangoni. Akasema, ukija tena kwenye nyumba hii uje kama mgeni, usubiri ualikwe. Nikasubiri. Miaka yote nasubiri nialikwe. Nilisema siku ya harusi ya mdogo wangu hata kama ni jiwe litalainika, watakuja kunifuata. Mkanipelekea kadi." Alicheka kidogo, bila furaha. "Na hata kadi yenyewe, mimi niliyekufundisha kazi, ukanitumia ya kwanza. Ya kuwashia mkaa. Nikasema sawa, nimeelewa. Nikaja kama nilivyoitwa."

Hapo ndipo nilipojua mama alimwambia nini. Na nikajua kwamba mama alikuwa amesahau. Siku zote zile kitandani, kila mtu aliyekuja alikuwa anamkumbusha hili na lile, na neno hilo hata mara moja halikumjia. Alilisema likatoka, akarudi kuchambua mchele. Mwenzake alilibeba mpaka Chalinze akaishi nalo.

Ningeweza kumwachia. Mtu alikuwa ameshamzika mama yake, ameshatoka kwenye yale matope, ningeweza kumwacha aende na hasira yake, maana hasira ni nyepesi kuliko nilichokuwa nacho. Lakini radhi niliyokuwa naiogopa ilikuwa imeshaingia ardhini, na mimi nilikuwa na jeraha langu. Nilitaka naye aumie. Nikaingia ndani nikatoa kadi na muhuri, nikamwekea mapajani.

Aliutambua muhuri kabla hajaugeuza. Alipitisha kidole pale mguu ulipokatika.

"Huu ulikuwa wapi?"

"Upachike juu ya hilo doa," nikamwambia.

Akaugeuza, akaulaza juu ya kadi, taratibu. Sikio likakaa kwenye sikio. Mkia kwenye mkia. Ukingo uliopasuka ukaenea kwenye wino bila kubaki nafasi. Aliuinua akaulaza tena, kama anayetafuta pahali patakapokosea.

"Nani alipiga?"

"Mama. Kwa viganja viwili, aliulalia. Nilitaka nipige nyingine safi, akakataa. Akasema ukimwona paka utajua."

"Na wewe ukanyamaza."

"Aliniambia nikikwambia nitakosa radhi yake."

 Mvua ilianza, tukaisikia inashuka kwenye mabati. Aliusogeza muhuri machoni na, kwa mazoea tu, mazoea ya fundi, akaanza kukwangua kwa ukucha wino uliogandia kati ya miguu ya paka, kama alivyokuwa anafanya zamani kila tukimaliza kazi.

"Usiusafishe," nikasema. "Huo wino aliutia yeye."

Akaacha. Akautazama ukucha wake, mweusi. Kutoka jikoni mkewe alimwita chakula, akamwita tena. Aliendelea kukaa pale na muhuri kiganjani, halafu akasema, kwa sauti ya yule mtoto aliyekuwa akinifundisha, "Wino ulizidi tu."